Ratili ya Nyama na Kasha la Risasi: Mwalimu Anajibu Barua Zenu

Toleo lililopita niligusia kwa aya mbili tu Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1969. Barua mlizoniletea zimenifurahisha mno. Tamthilia hii nimeifundisha miaka mingi na nimeisimamia jukwaani mara tatu, na bado kuna barua mbili kati ya hizi zilizonifanya nikifungue kitabu upya usiku.

Kwa ambao hawajaisoma, kisa ni hiki. Bassanio anataka kwenda Belmont kumposa Portia, binti tajiri, lakini mfukoni hana kitu. Rafiki yake Antonio, mfanyabiashara wa Venisi, mali yake yote iko baharini. Basi wanakopa dukati 3,000, sarafu za dhahabu, kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji, kwa miezi mitatu. Riba hakuna. Ila Antonio akishindwa kulipa siku ikifika, Shylock atamkata ratili moja ya nyama mwilini. Siku inapita bila malipo, na Shylock anaidai nyama yake mahakamani. Kule Belmont nako, marehemu baba yake Portia ameacha wosia: atakayemwoa binti yake achague kasha moja kati ya matatu, la dhahabu, la fedha au la risasi, risasi ya madini, si ya bunduki.

*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Darasani tumeandika kwamba Shylock anawakilisha tamaa ya mali. Lakini mahakamani anapewa mara mbili ya deni lake na anakataa. Mwenye tamaa anakataaje fedha? Naona aibu kuuliza mbele ya wenzangu.

Marahaba, mwanangu. Kesho kauliza, tena kwa sauti. Umeshika uzi ambao watu wazima wengi huupita.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili kinatusaidia hapa. Bahili huumia kutoa, hata anapojitolea mwenyewe. Mchoyo anacho, ila hataki mwingine akionje. Mwenye tamaa hatosheki na alichonacho. Shylock wa mwanzo ni bahili, sibishani na daftari lako. Mtumishi wake Launcelot anahama nyumba kwa sababu ya njaa. Anasema mbavu zake zinahesabika. Shylock kwa upande wake anamlalamikia kijana kwamba anakula sana na analala mchana kupita paka wa mwituni. Kisha binti yake, Jessica, anatoroka usiku na mpenzi wake Mkristo, Lorenzo, amebeba fedha na vito. Baba anaililia almasi aliyoinunua Frankfurt kwa dukati 2,000, na anatamka neno zito: heri binti yule angekuwa amelala maiti miguuni pake, vito vikiwa masikioni. Neno hilo halina utetezi.

Lakini usifunge kitabu hapo. Mistari michache mbele, Tubal, Myahudi mwenzake, anamletea habari kutoka Genoa: Jessica ameitoa pete moja akapewa nyani. Pete ya feruzi. Shylock haulizi ilikuwa na thamani gani. Anasema pete ile alipewa na Leah, wakati yeye bado kijana asiye na mke, na asingeitoa hata kwa msitu mzima wa nyani. Leah hatajwi tena popote. Ni mara moja hiyo tu tunaposikia kwamba katika nyumba ile iliyofungwa madirisha kulikuwa na kitu kisichouzwa.

Sasa twende mahakamani, na uchukue kalamu. Bassanio anatoa dukati 6,000. Shylock anajibu kwamba hata kila dukati katika hizo ingegawanywa vipande sita, na kila kipande kikawa dukati nzima, asingezipokea. Piga hesabu: 36,000, mara kumi na mbili ya deni. Rudi nyuma kidogo, Belmont. Portia aliposikia habari ya deni alimwambia Bassanio amlipe mtu huyo 6,000, aziongeze mara mbili, kisha hizo nazo mara tatu. Hesabu tena. Ni 36,000 zilezile! Kiasi ambacho Portia yuko tayari kukitoa ili Antonio aishi, Shylock yuko tayari kukikosa ili Antonio afe. Nilipoliona jambo hili mara ya kwanza nilisimama ubaoni na chaki mkononi, nikasahau nilichotaka kuandika.

Na bahili wetu anaongeza: kama nyumbani kwangu kuna panya ananisumbua, nami nikaamua kutoa dukati 10,000 auawe kwa sumu, nani aniulize? Yule aliyehesabu tonge za mtumishi sasa anazungumza kama mtu asiyejua thamani ya fedha. Kilichoingia kati ni kuondoka kwa Jessica, juu ya miaka ya kutemewa mate na kuitwa mbwa, na Antonio mwenyewe ndiye mtemaji. Tamaa imetoka, kisasi kimekaa kitini pake.

Tazama basi tamaa inavyorudi. Portia, aliyevaa kama mwanasheria, anamwambia: kata nyama yako, lakini hati haikukupa damu hata tone moja. Hapo hapo Shylock anataka alipwe mara tatu ya deni. Anakataliwa. Basi nipeni mtaji wangu tu. Anakataliwa tena. Anateremka kama mtu anayeshuka ngazi gizani, kidato kwa kidato, na mwisho hakuna sakafu. Usifute ulichoandika daftarini. Ongeza ukurasa.

*

Mwalimu, nimeisoma nikaudhika. Hii si tamthilia ya kuwatukana Wayahudi? Kwa nini tuendelee kuisoma?

Kuudhika kwako ni kwa haki, na wako wasomaji wengi duniani wanaokuunga mkono. Shakespeare aliiandika mwishoni mwa miaka ya 1590 katika nchi iliyokuwa imewafukuza Wayahudi tangu mwaka 1290. Watazamaji wake wengi walikuwa wamerithi hadithi tu, na tamthilia inabeba uchafu wa hadithi hizo. Siwezi kuusafisha, wala sitajaribu.

Ila kuna mambo mawili ningependa uyashike unaposoma. La kwanza, mtu wa Venisi aliyekuwa Myahudi hakuchagua ukopeshaji kwa sababu ya damu yake. Kuanzia mwaka 1516 walilazimishwa kukaa mtaa mmoja uliofungwa malango usiku, mtaa ulioitwa Ghetto, na ndiko neno lenyewe lilikozaliwa. Kumiliki ardhi hawakuruhusiwa, na kazi nyingi zilikuwa mwiko kwao. Ukimfungia mtu milango yote ukamwachia mmoja, kisha ukamtukana kwa kuupita huo, lawama ni ya nani?

La pili, riba ilikuwa imejaa Uingereza yenyewe, mikononi mwa Wakristo. Sheria ya mwaka 1571 iliruhusu riba hadi asilimia 10. Baba yake Shakespeare, John, alishtakiwa mwaka 1570 kwa kukopesha kwa riba kinyume cha sheria. Mwandishi hakuhitaji kusafiri hadi Venisi kumtafuta mkopeshaji.

Ndiyo maana mimi naendelea kuisoma na wanafunzi, nao huwa wanaikataa mahali pake. Shylock anapouliza kama Myahudi hana macho, kama akichomwa hatoki damu, darasa hunyamaza. Kisha anamalizia kwamba mkitudhulumu, tusilipize? Na baadhi ya walionyamaza kwa huruma hutaka kupiga makofi. Hapo ndipo mwalimu ana kazi.

*

Mwalimu, mimi ni mzee mwenzako. Niliwahi kumdhamini rafiki kwenye mkopo, nikaja kulipa mimi. Nataka uniambie ukweli: Antonio ni mwema au ni mjinga?

Mzee mwenzangu, pole. Hii ni mojawapo ya barua zilizoninyima usingizi, basi nivumilie nikijibu kwa urefu.

Antonio ni mkarimu kweli. Bassanio hajamaliza hata kueleza shida yake, mwenzake ameshamwambia: mkoba wangu, nafsi yangu, kila nilichonacho kiko wazi kwako. Hukopesha watu bila riba, na Shylock anakiri kwamba jambo hilo ndilo linalomchoma zaidi, kwa sababu linashusha bei ya fedha mjini. Amewahi kuwalipia wengi waliobanwa na Shylock. Hayo yote yako wazi kitabuni, na sitaki kuyapunguza.

Lakini soma mahali anapokwenda kukopa. Shylock anamkumbusha: ulinitemea mate, uliniita mbwa, sasa unataka fedha zangu? Mtu mwenye haya angeinama. Antonio anasema yuko tayari kumwita hivyo tena na kumtemea tena, na kwamba amkopeshe kama anavyomkopesha adui. Kinywa kilekile kilichomwambia Bassanio chukua vyote! Kwa rafiki alitoa uhai. Kwa yule mwingine hakutoa hata salamu.

Haya, njoo kwenye kujitoa kwake. Merikebu zinasemekana zimezama, siku imepita, naye anamwandikia Bassanio barua. Inasema madeni yote kati yetu yamefutika, ningependa tu nikuone kabla sijafa. Na kama upendo wako haukuleti, basi barua hii isikulete. Mimi nimewahi kupokea barua ya namna hiyo, si ya kifo, ila ya namna hiyo. Haiombi chochote, na huwezi kulala mpaka umekwenda. Mahakamani, kisu kikiwa tayari, anamwomba Bassanio amsimulie mkewe jinsi alivyokufa, kisha mke huyo ahukumu kama Bassanio hakuwahi kupendwa na mtu. Ukisoma kwa haraka utaona ni kwaheri. Mimi huona pia mtu anayejipima mizanini na mke wa rafiki yake, na anataka sahani yake ndiyo iende chini.

Kwa hilo simlaumu. Anayekufa kwa ajili yako ana haki ya kutaka umtazame. Ninachomlaumu kinakuja baadaye, alipokwisha kuokoka. Yule mwanasheria, ambaye ni Portia asiyetambuliwa, anaomba pete ya Bassanio, pete aliyoapa kwa mkewe kwamba haitamtoka kidoleni. Bassanio anakataa. Antonio ndiye anayesema: mpe, pima stahili yake na upendo wangu dhidi ya amri ya mkeo. Na pete inatoka. Ikumbuke barua ile iliyofuta madeni yote.

Kuhusu makasha, kila moja lina maandishi. La dhahabu linaahidi kile watakacho wengi, la fedha linaahidi kadiri unavyostahili, na la risasi linasema anayelichagua sharti atoe na ahatarishe vyote alivyonavyo. Aliyelichagua ni Bassanio, akapata mke na mali. Aliyeyatimiza maandishi yake ni Antonio, ambaye hakukanyaga Belmont mpaka mwisho. Nimewauliza wanafunzi mara nyingi kama huo ni uonevu, na sijapata darasa lililokubaliana.

Unaniuliza ni mwema au mjinga. Ni mwema wa mlango mmoja. Ushahidi wangu ni hukumu. Portia amekwisha kusema maneno yale mazuri ya huruma inayoshuka kama mvua, inayombariki anayetoa na anayepokea. Dakika chache baadaye ni zamu ya Antonio kumwonea huruma Shylock. Anachosema ni hiki: nusu ya mali yake niishike mimi, nije nimkabidhi Lorenzo, yule aliyemtorosha binti yake, aandike urithi kwa hao hao wawili, na aiache dini yake. Wengine wanaona ni upole kwa sababu hakuuawa. Mimi siwezi. Shylock alikuwa amekwisha kusema kwamba ukiniondolea ninachoishi nacho, uhai wangu umeuchukua. Antonio alikuwa na nafasi ya kutoa pale ambapo hapendi, na hakuitumia.

Wewe uliyemlipia rafiki yako, je, uliwahi kumdai kwa njia nyingine? Jibu hilo libaki kwako, sihitaji uniandikie.

*

Mwalimu shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ni Bassanio mtupu: anakopa, anawakarimu watu, anakopa tena. Mbona tamthilia inampenda hivyo?

Marahaba, mwanangu. Bassanio ana kipaji cha kuomba. Anamwambia Antonio kwamba alipokuwa mtoto akipoteza mshale, alirusha wa pili upande uleule ili auone ulipoangukia, akapata yote miwili. Maana yake: nilipoteza zako za kwanza, nipe tena. Na tazama anachofanya fedha za Shylock zikishaingia: anaandaa karamu, na Launcelot anapohamia kwake anamwagizia sare yenye nakshi kuliko za wenzake. Kijana anasifu moyo wa bwana mpya, na sare imenunuliwa kwa nyama ya Antonio.

Namhesabia jambo moja zuri. Alipokwisha kushinda, alimweleza Portia wazi kwamba hata alipomwambia awali kuwa hana kitu alikuwa anajisifu, maana amemfunga rafiki yake kwa adui. Aibu hiyo ni ya kweli. Angeisema siku moja kabla ya kuchagua kasha, ningempenda zaidi. Mdogo wako naye mtazame hapo: anasema lini?

*

Katika kikundi chetu cha kusoma wanaume wanasema waliojitoa ni wanaume tu, Portia alikuwa tajiri na hakupoteza kitu. Nimebishana nao peke yangu. Nisaidie.

Dada yangu, huko peke yako. Waambie wahesabu. Portia alikubali kufungwa na wosia wa mtu aliyekufa, asichague wala asikatae mwenyewe. Wakati Mwana wa Mfalme wa Morocco anafungua la dhahabu na kukuta fuvu, na yule wa Arragon anafungua la fedha na kukuta picha ya mpumbavu, yeye anasimama pembeni akisubiri apewe nani. Bassanio akishinda, anampa nyumba, watumishi na nafsi yake kwa sentensi moja, na anatamani angekuwa na mara nyingi zaidi ili atoe zaidi. Habari ya deni inafika saa hiyohiyo. Anamruhusu mumewe aondoke kabla hawajalala pamoja, alipe deni la mtu ambaye yeye hajawahi kumwona.

Kisha anakwenda mwenyewe, kwa barua ya ndugu yake Bellario wa Padua, mtaalamu wa sheria. Mahakamani anamsikia mumewe akisema angemtoa mkewe sadaka ili Antonio apone. Anasikia, anameza, anaendelea na kazi. Baada ya kushinda wanampa zile dukati 3,000 kama ujira, naye anakataa: aliyeridhika amekwisha kulipwa. Waulize wanaume wa kikundi chenu ni nani mwingine kitabuni aliyetoa sana hivyo akakataa kulipwa.

Kwenye pete watakushika, nakuonya. Aliitoa kwa sharti, na aliiomba kwa mtego. Wakubalie hilo, ubaki na mengine.

*

Kwa Kiingereza jina linamtaja mfanyabiashara mmoja. Kwa nini kwetu ni mabepari, tena kwa wingi?

Neno bepari lilitufikia kutoka India likiwa na maana ya mfanyabiashara, na kamusi za zamani zinalitafsiri hivyo. Kufikia mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, msomaji wa Tanzania alilisikia vingine: mwenye mtaji anayeishi kwa jasho la wengine. Nani aliyefasiri, na wakati gani, mnajua. Mimi husoma hivi: wingi ule unatukataza kumnyooshea kidole Shylock peke yake. Antonio naye ananunua rahisi na kuuza ghali, Bassanio naye anamtaja Portia kwa urithi wake kabla ya uzuri wake. Mahakamani Shylock anawauliza watu wa Venisi mbona wana watumwa waliowanunua, wanawatumia kama punda na mbwa, na hawawaachi huru. Hakuna anayemjibu. Katika michezo yangu yote mitatu niliwaagiza waigizaji wasigeuze shingo hapo, wakae kimya mpaka kimya kiume.

*

Mwalimu, tunaiigiza mwisho wa muhula. Mimi ni Antonio. Onyesho la mwisho kila mtu ana mwenzake, mimi nimesimama tu. Nifanye nini na mikono?

Nimefurahi umeuliza habari ya mikono. Kitabu hakikwambii. Kuna Portia na Bassanio, Nerissa mtumishi wa Portia na Gratiano rafiki wa Bassanio, Jessica na Lorenzo, na wewe. Portia anakupa barua: merikebu zako tatu zimefika bandarini salama, zimejaa mali. Unamshukuru kwa kukupa uhai na riziki, na baada ya hapo mwandishi hakukupa sentensi nyingine.

Rudi kwanza kwenye onyesho la mahakama. Kijana anayeigiza Shylock anole kisu kwenye soli ya kiatu, kama kitabu kinavyodokeza, taratibu, watu wa nyuma wasikie. Wewe wakati huo fungua shati, kifungo cha juu, cha pili, cha tatu, na usimtazame. Mtazame Bassanio. Muda wote mtazame yeye.

Belmont, vaa shati lilelile. Soma barua ya merikebu karibu na taa, kwa sababu ni usiku. Wenzako wataanza kuingia ndani wawili wawili wakicheka habari za pete. Usiwafuate haraka. Ikunje barua mara mbili, iingize kifuani pale ulipofungua vifungo, kisha vifunge, kuanzia cha chini. Taa izimwe ukiwa kwenye cha pili.